Mbio za Kumshukuru Stanley Relph

Bomba la jikoni kwa Maureen Fearon lilikuwa linavuja tangu wiki waliyomzika mumewe, na mwaka ulikuwa umekatika. Chini yake aliweka sufuria. Ikijaa anamwagia maua. Maua yalishiba mpaka yakaoza, akaanza kumwagia maua ya jirani.

Fundi bomba wa bonde letu ni mmoja tu, Stanley Relph, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Stanley huyohuyo ndiye kiongozi wa kikosi cha uokoaji mlimani. Edwin Fearon alipopanda Ravenrigg kumtafuta kondoo wake na moyo ukamgomea hukohuko juu, Stanley na wenzake ndio waliomshusha kwa machela, kwenye mvua, tangu mchana mpaka jioni. Bure. Kikosi hakina mshahara. Ni fundi bomba, mwalimu wa hesabu, muuza nyama, na wengine wa namna hiyo, wanaoacha chakula mezani simu ikilia.

Sasa ukifanyiwa wema mkubwa namna hiyo katika milima hii ya kaskazini mwa Uingereza, unasemaje? Mtu akikushikia mlango, unasema asante mara tatu. Akikupisha njia na gari, unapunga mkono mpaka bega linauma. Lakini mtu amembeba mumeo maiti mlima mzima, neno hilohilo la mlango utalitumia? Maureen aliliona dogo. Na kwa kuwa hakupata kubwa zaidi, akachagua njia ya heshima: kila akimwona Stanley, anavuka barabara.

Stanley naye, kwa heshima hiyohiyo, akiwa wa kwanza kumwona Maureen, anajifanya anakagua matairi ya gari lake. Matairi yale yalikaguliwa mwaka ule zaidi kuliko ya ndege.

"Mama, mpigie Stanley aje atengeneze hilo bomba," alisema Duncan, mwanawe, Jumapili moja wakila nyama ya kuoka.

"Halisumbui."

"Mama, nimekuja na gambuti hapa jikoni."

"Nikimwita atakataa kulipwa," alisema Maureen. "Halafu nitakuwa nadaiwa la Edwin, na la bomba juu yake."

Duncan alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushee, mwenye duka la mazulia na tumbo la kuendana nalo. Alitafuna, akafikiri. Ukweli ni kwamba kufikiri kwake kulikuwa hatari sikuzote, na mkewe Janine aliweka uma chini kabla hajasema neno.

"Nitakimbia," alisema Duncan.

"Utamkimbia nani?" aliuliza Janine.

"Zile mbio za kuzunguka bonde. Maili hamsini. Kwa ajili ya baba. Watu watachanga, zote nakipa kikosi wanunue gari jipya. Tunamkabidhi Stanley mbele za watu, mama unampa mkono, basi. Tumeshukuru. Yamekwisha."

Maureen aliutazama mchuzi. "Baba yako hakuwahi kukimbia hata mvua."

"Ndiyo maana nasema kwa ajili yake, sikusema kama yeye."

"Milima yote ile?" Janine alisema. "Wewe juzi umepanda ngazi za benki ukaomba kiti."

Lakini Maureen hakucheka. Aliinuka, akamwaga sufuria, akairudisha mahali pake. "Nikimpa mkono," alisema akiwa amewapa mgongo, "nitakuwa naweza kupita upande wangu wa barabara."

Basi. Baada ya maneno hayo nani angerudi nyuma?

*

Duncan alianza mazoezi, na bonde zima likaanza kuchanga. Walichanga kwa furaha, maana ilikuwa rahisi kuliko kumzuia. Kanisani mwanamke mmoja alimpa pauni kumi akamshika mkono kwa majonzi kana kwamba anaaga. Mteja dukani alimuuliza kama zulia lililoagizwa litafika kabla ya mbio, "maana baadaye hatujui."

Aliyezidi wote alikuwa Crosby mwenye baa. Crosby ana sauti inayofanya glasi zigongane zenyewe, na alisimama juu ya kigoda Ijumaa usiku baa ikiwa imefurika.

"Pauni elfu moja!" alitangaza. "Elfu moja kwa kikosi, Duncan akimaliza! Akimaliza, nimesema! Siyo akijaribu. Kujaribu hata mimi najaribu, kila Jumatatu naacha bia!"

Watu wakapiga meza. Duncan akatabasamu kwa meno yote. Stanley Relph alikuwa pembeni na soda yake, kwa kuwa walio zamu ya kikosi hawanywi. Alitazama viatu vyake.

"Huna haja, Duncan," alimwambia baadaye mlangoni, kwa sauti ya chini. "Tunashukuru, lakini huna haja."

"Ni ya mama," alisema Duncan.

"Mama anaendeleaje?"

"Mzima. Anavuja kidogo." Akajishika kichwa. "Bomba. Bomba linavuja."

Stanley akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa siri ya familia, akaenda kukagua matairi.

*

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, na alfajiri ilipambazuka safi kabisa, jambo ambalo kwetu huwa si dalili nzuri. Kwanza walikaguliwa vifaa: koti la mvua, ramani, dira, filimbi, chakula cha akiba. Kisha mama mmoja wa waandaaji, mwenye kofia ya sufu, akapanda juu ya boksi.

"Kanuni ni moja tu!" alisema. "Ukichoka, ukiumia, ukighairi, mwambie msimamizi wa kituo chochote. Mwambie kwa mdomo wako. Ukiondoka kimya, kwetu sisi bado uko mlimani, na kikosi kitapanda kukutafuta. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," walijibu wote, Duncan kwa sauti kubwa kuliko wengi.

Mlima wa kwanza aliupanda vizuri. Wa pili aliupanda. Wa tatu ulimpanda yeye. Kufikia mchana mvua ilikuwa imeshuka, ya ubavuni, ile inayoingia sikio moja na kutokea la pili. Goti la kushoto lilianza kulia kama mlango wa zizi. Watu wakampita: vijana, wazee, mwanamume aliyevaa nguo za ng'ombe mzima na pembe zake. Mwisho akampita bibi kizee mwenye kaptula na miguu kama kamba za meli.

"Unaendeleaje, mjukuu?" aliuliza bibi, bila kuhema.

"Salama tu."

"Unalia?"

"Ni mvua."

"Haya. Chukua sandwichi, ya yai." Akampa, akaondoka akirukaruka kwenye mawe, na Duncan akala sandwichi ya yai na maji ya mvua yake, akajiona si mtu.

Kituo cha mwisho kilikuwa ukumbi wa kijiji, Skelbeck, hapohapo kwao. Unashukia pale ukitoka Ravenrigg, unapanda mlima mmoja tu zaidi, unarudi palepale, umemaliza. Duncan alishuka akichechemea mpaka kwenye ukuta wa mawe nyuma ya ukumbi, akachungulia. Alijua yamekwisha. Goti lilikuwa limevimba mpaka halijulikani lilipoanzia. Kilichobaki ni kuingia tu na kusema: nimejitoa.

Dirishani aliona kitambaa kikubwa kimetundikwa: TWENDE DUNCAN, KWA AJILI YA EDWIN. Aliona nusu ya kijiji na vikombe vya chai. Aliona Janine. Kwa nyuma, kwenye mlango wa jiko la ukumbi, alimwona mama yake amevaa gauni la buluu alilokuwa hajalivaa tangu msiba, nywele amezitengeneza, anachungulia barabara. Na mlangoni kabisa, anayepokea wakimbiaji na kutangaza namba zao, alikuwa Crosby. Alikuwa amepewa kipaza sauti. Aliyempa Crosby kipaza sauti hajulikani hadi leo.

"NAMBA SABINI NA MBILI, BIBI YETU! MPIGIENI MAKOFI!"

Duncan alisimama kwenye mvua akajaribu kuisikia sentensi yake kwenye kipaza sauti kile. Akaona hapana. Nitawaambia baadaye, alijisemea. Kwa utaratibu. Kwa nini niwasumbue sasa hivi na chai yao?

Akazunguka nyuma ya mapipa ya taka, akapanda ukuta kwa tumbo, akaangukia upande wa pili kama zulia, akaenda nyumbani.

*

Jioni, mwenye nguo za ng'ombe alipokwisha kurudi na hakuna mwingine tena, yule mama wa kofia ya sufu alihesabu, akahesabu tena. Akamwita Crosby pembeni. Crosby, kwa mara ya kwanza maishani, akanong'ona.

Simu ya Duncan ilipigwa. Ililia ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya begi, ndani ya stoo ya nyumba yake, peke yake.

Maureen alikuwa jikoni pale ukumbini. Aliwaona watu wa kikosi kupitia dirisha wakifungua gari: makoti yaleyale mekundu, watu walewale, na muuza nyama akivuta ile machela, akiikunjua kukagua vishikio vyake. Kisu cha siagi kilikuwa mkononi. Akaendelea kupaka siagi kwenye kipande kilichokwisha pakwa.

Stanley Relph akaingia. Hapakuwa na barabara ya kuvuka.

"Maureen."

"Stanley."

"Tunapanda kidogo. Kumwangalia kijana."

"Kumwangalia."

"Atakuwa amekaa mahali tu, nyuma ya jiwe. Wengi hukaa. Mvua ikipungua wanashuka wenyewe."

"Na Edwin mlisema hivyohivyo," alisema Maureen, bila ubaya wowote, kama anayemkumbusha mtu bei. "Ulisimama mlangoni kwangu ukasema atakuwa amekaa mahali."

Maji yalimchuruzika Stanley kwenye koti yakafanya dimbwi sakafuni, na wote wawili wakalitazama lile dimbwi kwa kuwa lilikuwa afadhali.

"Nitamleta," alisema mwishowe.

"Ndicho ninachoogopa," alisema Maureen.

Akatoka. Maureen akachukua mkate mwingine, akaanza kuukata, maana watu kama wale wakirudi huwa na njaa. Alikata vipande vyembamba na vya sawasawa. Aliyemwona alisema hakulia. Ila akimaliza kila sandwichi alikuwa anaifungua tena kuangalia ndani kama nyama ipo.

*

Mbwa wa kikosi alihitaji nguo ya Duncan aliyoivaa karibuni, apate harufu. Janine akapewa kazi ya kukimbilia nyumbani. Aliendesha gari mpaka nyumbani, akaingia bila kufunga mlango, akapanda ngazi mpaka bafuni kulikokuwa na kapu la nguo chafu.

Duncan alikuwa ndani ya beseni la kuogea, maji ya moto mpaka kidevuni, na pai ya nyama mkononi.

"Uko hai," alisema Janine.

"Niko hai."

"Nimekuja kuchukua soksi yako. Mbwa ainuse."

"Mbwa gani?"

"Wa kikosi. Kiko mlimani kinakutafuta. Machela wamebeba. Mama yako ameiona."

Pai ikadondoka majini. Duncan alibadilika rangi sehemu zote zilizokuwa juu ya povu. "Janine, mimi sikutaka kumsumbua mtu."

"Hukutaka kumsumbua mtu!" Janine alikwisha toa simu, anapiga ukumbini, na sauti ndiyo kwanza inampanda. "Watu wako Ravenrigg kwenye mvua, mama yako anapaka siagi kama mashine, wewe hutaki kumsumbua mtu! Haloo? Crosby? Amepatikana. Waambie washuke. Ndiyo, mzima. Yuko bafuni kwangu. Bafuni, Crosby. Anakula pai."

Mara, kupitia dirisha lililokuwa wazi, kutoka upande wa pili wa kijiji, waliisikia habari ikitoka kwenye kipaza sauti, kubwa na yenye furaha ya kweli:

"AMEPATIKANA! YUKO BAFUNI! ANAKULA PAI!"

Kondoo wakanyanyua vichwa.

"Mwambie Stanley nitampigia kesho," alisema Duncan kwa sauti ndogo.

"Vaa," alisema Janine. "Utakuwa umesimama mlangoni wakishuka. Kila mmoja utamtazama usoni."

Miguu ilikuwa imevimba, viatu vikakataa. Akaenda na kandambili za Janine, zenye ua katikati ya vidole.

*

Ukumbini walimpisha njia kama anayepita na jeneza. Hakuna aliyemzomea. Angeshukuru kama wangemzomea. Mwanamke wa pauni kumi alimwambia, "Pole na goti," na Duncan akatamani sakafu ifunguke.

Maureen alikuja mpaka mbele yake. Alimtazama kandambili, akapanda goti, akapanda tumbo, mpaka uso. Akainua mkono, na watu wakashika pumzi. Akamfuta povu la sabuni sikioni. Kisha akampa sinia la vikombe.

"Wakija, wape chai," alisema. Akarudi jikoni akafunga mlango.

Wakaja. Waliingia mmojammoja, wamelowa mpaka mifupani, tope magotini, muuza nyama na machela tupu begani. Duncan alisimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Samahani sana," alimwambia wa kwanza.

"Usijali, Duncan. Ina sukari?"

"Samahani sana," alimwambia wa pili.

"Aa, usijali. Tulihitaji mazoezi."

"Samahani sana."

"Usijali."

Kila mmoja usijali, na kila usijali ilimwingia kama msumari, kwa sababu kwetu mtu aliyekusamehe kweli ndiye anayekutukana. Mwalimu wa hesabu, aliyemfundisha Duncan zamani, alikuwa na huruma kidogo: "Mjinga wewe," alimwambia akipokea kikombe, na Duncan nusura ambusu. Yule mbwa akaingia, akanusa vidole vilivyovimba, akakaa kitako na kubweka mara moja kama alivyofundishwa. Akapewa biskuti. Ndiye peke yake aliyekamilisha kazi siku ile.

Stanley aliingia wa mwisho, baada ya wote kufika salama. Alichukua kikombe. "Usi—"

"Usiniambie nisijali!" alisema Duncan, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyopanga. "Nilitaka kumaliza, Stanley. Nilitaka mama akupe mkono. Mwaka mzima anavuka barabara kwa sababu hajui akuambie nini, anaona hakuna neno linalotosha, na mimi nikasema nitakimbia lipatikane gari basi liwe ndilo neno, na sasa nimewapandisha tena mlima uleule na machela ileile, na yeye anaangalia!"

Mambo kama hayo hayasemwi kwa sauti katika bonde letu. Husemwa kwa kadi ya posta, na mara nyingi mtumaji akiwa ameshakufa. Watu walitazama dari. Mtu mmoja alianza kuusifu mkate. Crosby, ambaye hajawahi kuvumilia kimya, akapiga kifua na kusema elfu yake ataitoa vilevile, kwa kuwa burudani kama ile mjini wanalipia kiingilio. Janine akamwambia, "Crosby, kaa," akakaa.

Mlango wa jiko ulifunguka. Maureen alitoka na sinia la sandwichi, gauni la buluu, aproni juu yake. Alikuwa amesikia kila neno. Mlango ule ni wa mbao nyembamba na kijiji chote kinajua. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya Stanley Relph, karibu kiasi cha kumnusia mvua. Stanley alitafuta tairi la kutazama, hakuliona.

Watu wote walikuwa wanalisubiri lile neno. Maureen pia alikuwa analisubiri. Midomo ilikuwa inalipanga. Halikuja.

"Alikuwa mzito?" aliuliza.

Stanley alikitazama kikombe chake. Akawatazama wenzake. Muuza nyama akaanza kuikagua machela kwa bidii.

"Edwin?" alisema Stanley. "Maureen, tulimtukana njia nzima."

Mtu alivuta pumzi. Maureen hakupepesa.

"Mlimtukana?"

"Kuanzia juu mpaka darajani. Huyu," akamwonyesha mwalimu wa hesabu, "alimwita piano."

"Nilimwita kabati," alisema mwalimu, masikio yamemwiva. "Aliyesema piano ni yeye."

"Mkamwangusha?"

"Mara moja. Pale kwenye mawe ya kijito." Stanley akameza mate. "Tukamwomba radhi."

Kitu kikamtoka Maureen kooni, na kwanza watu wakadhani ni kilio, na Duncan akapiga hatua na kandambili zake. Ilikuwa kicheko. Kilitoka kwa tabu, kimekaa mwaka mzima ndani, kikaja na machozi yake na kamasi zake, mpaka muuza nyama akalazimika kumpokea sinia lisimwagike.

"Nilimwambia," alisema Maureen akijifuta kwa aproni. "Nilimwambia, Edwin, acha kula krimu."

Halafu akavuta viti viwili, akaviweka vikitazamana katikati ya ukumbi, mbele ya kila mtu, akakaa kwenye kimoja.

"Kaa, Stanley," alisema. "Anza pale mlipomkuta. Usiache kitu."